Nilijua Miaka Yake

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nimeshazika mume, nimeshaburutwa na shemeji zangu kwa ajili ya duka, nimeshavunjiwa mlango na kubebewa jokofu zima mchana kweupe. Yote hayo niliyasimulia nikiwa upande wa kuonewa huruma. Leo siko upande huo.

Wiki iliyopita niliishia siku ya sikukuu ya Uhuru, pale pikapu ilipokwepa punda kwenye barabara ya vumbi itokayo mtoni. Sethunya, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa amesimama nyuma akicheza na chupa mkononi. Akarushwa hadi kwenye mawe. Dereva hakuwa amekunywa. Wenzake watatu walikuwa wameketi, wakatoka na michubuko. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amelewa kiasi cha kusimama.

Niliwaambia pia kwamba chupa ile ilitoka dukani kwangu. Kwamba binti alinionyesha kitambulisho cha dada yake mwenye miaka ishirini, nami nikamuuzia.

Ni kweli yote. Ila kuna kipande nilikiruka. Nilikiruka kwa polisi, nikakiruka kwa majirani, na wiki iliyopita nikakiruka kwenu.

Kipande chenyewe ni hiki: nilijua.

Mimi Oarabile niliwahi kuzaa. Mtoto wa kiume, Thuso, alizaliwa tarehe sita Mei alfajiri katika zahanati ya kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Mahalapye, hapa Botswana. Kwenye kitanda cha pili alilala rafiki yangu Gabaitse. Saa sita mchana wa siku hiyohiyo naye akajifungua binti, Sethunya.

Thuso wangu aliishi siku tisa.

Maziwa hayakupata habari kwamba mtoto amekufa. Kifua kilijaa, kikawa kigumu kama jiwe, nikawa nalia hata nikiguswa na shuka. Gabaitse akaja na Sethunya, akaniwekea mapajani. Hakusema neno. Nilimnyonyesha yule mtoto majuma matatu.

Tangu hapo, kila tarehe sita Mei huwa nahesabu. Nahesabu miaka ya Thuso, lakini ndiyo hiyohiyo ya Sethunya. Kijijini kwetu kuna watu wawili wasioweza kukosea umri wa binti yule. Mama yake, na mimi.

Siku ya Uhuru alikuwa na miaka kumi na saba, miezi minne na siku ishirini na nne.

Alifika saa tano asubuhi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wanataka bia zao waende wakachome nyama. Alikuwa amepaka midomo rangi na kujifunga kilemba cha dada yake. Nusura nicheke.

"Habari za sikukuu, mama mdogo," akasema kwa sauti nene ya kujitengenezea.

"Nzuri. Nikupe soda gani?"

"Si soda." Akataja nusu chupa ya brandi na bia sita.

Juu ya kichwa changu kuna ubao alioandika marehemu mume wangu kwa mkono wake: hapa hatumuuzii pombe aliye chini ya miaka kumi na minane.

"Kitambulisho," nikamwambia.

Nilitegemea atacheka na kuondoka. Akaingiza mkono kwenye blauzi, akaweka kadi juu ya kaunta. Kelebonye, miaka ishirini. Picha ya Kelebonye, ule uso wake mrefu ambao haujawahi kufanana na uso wa duara wa mdogo wake.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi," akasema, macho yakimcheka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mauzo ya siku ile yalitosha bila yeye. Ukweli ni kwamba nilimtazama nikamwona Thuso. Nikawaza, leo naye angekuwa hapa, mrefu, kajipulizia manukato, anajaribu kunidanganya mbele za watu. Ningemkatalia? Na tena Gabaitse ni mama mkali. Binti akitaka kitu anajua mlango wa pili uko wapi. Nilipenda kuwa mlango huo.

Na ile kadi ilikuwa pale. Ilinipa ruhusa ambayo moyo wangu ulikuwa unaitafuta.

"Haya, Kelebonye," nikasema, nikimrudishia. "Uwasalimie nyumbani."

Nikamkonyeza.

Naye akanikonyeza, akachukua mfuko wake, akatoka akitembea kama mtu mzima. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akitembea.

* * *

Sajenti Mokgwathi alikuja dukani siku ya pili baada ya ajali, na daftari lake, akakaa juu ya kreti.

"Uliomba kitambulisho?"

"Niliomba."

"Picha uliiangalia?"

"Niliiangalia."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Niliisoma."

"Ikasema?"

"Miaka ishirini."

Oneni hapo. Hakuna jibu hata moja la uongo. Niliyachagua kama mtu anayechambua mchele, nikiweka kweli moja moja kwenye sinia na kuacha ile iliyonishtaki.

Sajenti akafunga daftari. "Basi umedanganywa, Mma. Sheria inakutaka uombe kitambulisho, umeomba. Haijakutaka uwe mganga."

"Na leseni yangu?"

Naona aibu kuandika kwamba hilo ndilo swali lililonitoka. Sikuuliza hali ya mtoto.

"Leseni haina neno. Mwenye kadi ndiye atakayejibu."

"Mwenye kadi yupi?"

"Si ni huyo Kelebonye? Kumpa mtu kitambulisho chako akanunulie pombe ni kosa. Tutampeleka kgotla, mbele ya baraza la kijiji, Chifu asikilize."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimeshafika kwenye neno lenyewe: "Sajenti, ngoja." Badala yake nikamuuliza kama atakunywa chai.

"Nitakunywa," akasema. "Sukari mbili."

Kesho yake nikafungua duka. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee wetu Rra Mosalagae, mstaafu wa reli, ambaye hajakosa katoni yake ya pombe ya mtama tangu mume wangu yuko hai. Alifika kwenye kaunta akachomoa kitambulisho chake, akakiweka mbele yangu kwa adabu.

"Hiki nini, Rra?"

"Niangalie vizuri, Mma. Wasije wakakuonea tena. Nimefika kumi na nane au bado?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka.

"Una sitini na nane," nikamwambia.

"Una hakika? Watoto wa siku hizi wana hila, wanaweza kuja na ndevu za kubandika." Akaacha utani, akainamia kaunta. "Pole sana. Mwanamke mjane, unatafuta riziki yako, katoto kanakuja kukutia matatani. Wala usijilaumu."

"Asante, Rra."

"Kama kuna mtu kijiji hiki anayefuata sheria, ni wewe. Mimi nimewaambia wote."

Nilimpa katoni yake. Nilitaka kuyarudisha maneno yake pamoja na chenji, lakini huwezi kumrudishia mtu wema aliokufanyia kwa makosa.

Mara mbili nilijifunga kwenda hospitali kumwona Sethunya. Mara ya kwanza nilifika kituo cha mabasi, basi likaja, likaondoka, mimi nimekaa. Mara ya pili sikufika hata kituoni.

* * *

Kelebonye alikuja siku ya kumi. Hakupita dukani. Alizunguka mlango wa uani akanikuta nafua.

Ni msichana wa maneno machache. Alikuwa ameitwa kwenye mafunzo ya askari magereza, aanze mwezi unaofuata. Alishashona hata mfuko wa kubebea nguo.

"Mama mdogo, nina swali."

"Kaa."

"Sitakaa. Sethunya alipokupa kadi, alisema mimi ndiye niliyempa?"

"Hakusema."

"Kwa sababu sikumpa. Kadi ilikuwa ndani ya Biblia yangu. Mimi siku ile nilikuwa shambani na mama tangu alfajiri."

"Nakuamini."

"Wewe unaniamini. Sajenti haniamini. Anasema kadi haitembei yenyewe. Nikipatikana na kosa, kule magereza hawanichukui. Wameshanipigia simu kuuliza."

Nikaendelea kukamua nguo ambayo ilikuwa imeshakauka mikononi.

"Kuna kitu nataka kukuomba," akasema. "Siku ya kesi, waambie ungeweza kututofautisha. Waambie hatufanani. Labda Chifu ataona kwamba hata mimi nisingetoa kadi kwa mtu ambaye hafanani nami."

"Nikisema hamfanani, wataniuliza kwa nini niliuza."

Hakuwa amefikiria hilo. Au alikuwa amelifikiria, sijui. Alinitazama kwa muda, halafu akainamisha kichwa.

"Kweli. Nisamehe, mama mdogo. Sikutaka kukuingiza."

"Nitaona la kufanya."

"Asante," akasema. Akaniinulia beseni la nguo, akalipeleka kwenye kamba, ndipo akaondoka.

Kuna watu wanaokuumiza kwa matusi. Huyu aliniumiza kwa beseni.

* * *

Siku mbili kabla ya kesi akaja Gabaitse mwenyewe, na kaka yake Rra Onalenna. Niliwaona kupitia dirisha: yeye na shuka begani, kaka yake na koti na kofia mkononi. Mtu akikujia kwako na mjomba wa watoto, hajaja kupiga soga.

Nikadhani wamejua. Na nitawaambia jambo la ajabu, nilipata nafuu, kama mtu ambaye jino linamtesa na sasa amemwona mng'oaji.

Nikawatolea viti. Rra Onalenna akakohoa.

"Mma, tumekuja na aibu mikononi."

"Aibu gani, Rra?"

"Mtoto wetu amekudanganya. Ametumia kitambulisho kisicho chake, amekuletea polisi mlangoni, wewe mjane usiye na mtu. Sisi wazee wake tumesema hatuwezi kukutana nawe kgotla kabla hatujaja kuomba radhi. Tunaomba utusamehe."

Walikuwa wamekuja kuniomba msamaha.

Gabaitse alikuwa ameleta bakuli la nyama ya kutwanga, limefunikwa kwa kitambaa. Akaliweka juu ya meza. Mikono yake ilikuwa imekonda.

"Hali yake ikoje?" nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza.

"Anakula. Anaongea. Kuanzia kiunoni hasikii kitu. Daktari anasema tungoje." Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Anakuuliza. Kila siku, mama mdogo yuko wapi, kwani amenikasirikia?"

"Sijamkasirikia."

"Nimemwambia."

Rra Onalenna akatoka nje kuvuta sigara. Tukabaki wawili.

Mtu mwingine yeyote kijijini ananiita Mma Oarabile. Gabaitse peke yake ndiye anayeniita kwa jina la mtoto aliyeishi siku tisa.

"Mama Thuso," akasema.

"Naam."

"Ungejua ni yeye, ungemkatalia. Si ndiyo?"

Alisema polepole. Halafu akangoja. Nakumbuka alivyongoja. Nilisikia jokofu la dukani likinguruma, likazima, likawaka tena.

"Kulikuwa na foleni ndefu," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea salamu. Akainuka, akajitengeneza shuka. "Kula nyama ikiwa bado ya moto."

Nyama ile nilimpa mbwa wa jirani.

* * *

Kgotla ilijaa kuliko nilivyotarajia. Wanaume kwenye viti vyao vya kukunja, wanawake chini kwenye mablanketi, vichwa vimefungwa, mabega yamefunikwa. Chifu Ramasia alivaa suti yake ya kijivu. Ni mtu wa haki, lakini hapendi kupotezewa muda, aliwahi kuwa mwalimu mkuu.

Nilikuwa nimeamua. Nataka mniamini hapo. Nilitoka nyumbani nimefunga duka na kuweka leseni ndani ya bahasha, kwenye mkoba. Nilipanga Kelebonye akikana tu, nisimame niseme.

Sajenti Mokgwathi akasoma shitaka. Chifu akamtazama binti.

"Kelebonye, umesikia. Ulimpa mdogo wako kitambulisho chako?"

"Ndiyo, Chifu," akasema. "Nilimpa mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ulijua anakwenda kununulia pombe?"

"Nilijua."

Nikageuka kumtazama Rra Onalenna. Alikuwa anaangalia kofia yake. Hapo nikaelewa. Kelebonye akikana, basi Sethunya aliiba kadi na kujifanya mtu mwingine, na siku akitoka hospitali kwa kiti cha magurudumu angekuta kesi inamngoja mlangoni. Familia ilikaa, ikachagua. Mwenye miguu ndiye abebe.

"Umeitwa kwenye mafunzo ya magereza," Chifu akasema. "Unajua hili litakufanyia nini?"

"Najua, Chifu."

Akalisema bila kutetemeka. Nilimwona tu akivuta sketi yake chini ya magoti, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtoto mdogo anayengoja kuchapwa.

Nikasimama.

"Chifu, naomba kusema."

"Mma Oarabile. Wewe ni shahidi, utaitwa."

"Naomba niseme sasa kabla sijashindwa." Nikashika mkoba wenye bahasha. "Binti huyu hana kosa. Kadi haikunidanganya. Niliyemuuzia nilimjua kuwa ni Sethunya, na nilijua hajafika miaka kumi na minane. Nilijua. Nikauza."

Mnong'ono ukaanza upande wa wanawake, ukapanda. Nilijikaza kupokea matusi. Haukuwa mnong'ono wa matusi.

"Jamani, moyo wa mwanamke yule," nikasikia mmoja akisema.

"Anataka kumwokoa mtoto wa mwenzake," akajibu mwingine.

"Na leseni atapoteza."

Rra Mosalagae akasimama bila ruhusa, akavua kofia. "Chifu, huyo mama msimsikilize. Anajitoa mhanga. Sote tunamjua."

"Keti, Mosalagae," Chifu akasema. Akanigeukia, na sauti yake ikawa ya upole, upole ambao sikuustahili hata chembe. "Mma, nakuelewa. Binti ana maisha mbele yake, na wewe una huruma. Lakini kgotla haifanyi kazi kwa huruma. Keti."

"Chifu, sisemi kwa huruma."

"Sajenti ana maelezo yako. Uliomba kadi, uliisoma. Keti, tafadhali."

Nilikuwa nimesema kweli mbele ya kijiji kizima, nao wakaigeuza sifa. Niliona kwamba ningeweza kukaa. Ningekaa, ningerudi nyumbani mtakatifu, na duka langu, na leseni ndani ya bahasha. Mwili wangu ulikuwa umeshaanza kuinama.

Ndipo nikamwona Kelebonye. Alikuwa ananitazama, na yeye hakuwa na huruma usoni. Alikuwa amekumbuka siku ya beseni.

"Amezaliwa tarehe sita Mei, saa sita mchana," nikasema. "Thuso wangu alizaliwa alfajiri ya siku hiyo. Kila mwaka namhesabu. Nilimnyonyesha binti yule kwa kifua hiki, Chifu. Hakuna kadi duniani inayoweza kunidanganya umri wake. Nilimwita Kelebonye kwa makusudi, mbele ya wateja. Nikamkonyeza. Nikamwambia awasalimie nyumbani."

Sasa mnong'ono ulikatika kabisa.

Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu nami akavuta blanketi lake, akasogea. Si mbali, kama shubiri moja. Hiyo shubiri niliisikia.

Chifu akavua miwani. Akamtazama Sajenti. "Hayo yapo kwenye maelezo yako?"

"Hayapo, Chifu." Sajenti Mokgwathi alikuwa amesimama, uso umemwiva. Nafikiri alikuwa anakumbuka chai. "Ila kuna karatasi nyingine. Imefika asubuhi hii kutoka hospitali. Ni maelezo ya majeruhi, yamechukuliwa jana. Nilitaka kuisoma mwanzo, dada yake akaniwahi kukiri."

"Isome."

Akaifungua. Alisoma taratibu, kwa sauti ya mtu asiyependa kazi aliyopewa.

"Mimi Sethunya, miaka kumi na saba. Nilichukua kitambulisho cha dada yangu ndani ya Biblia yake, hakujua. Nilikwenda dukani nikajifanya ni yeye. Mama mdogo alinitaka nionyeshe kadi, nikamwonyesha, akaisoma, akaniamini. Nilimdanganya. Mama mdogo hakujua kuwa ni mimi. Naapa kwamba haya ni kweli."

"Kuna sahihi yake chini," Sajenti akasema. Akainua karatasi ili Chifu aione.

Nilimwona akilini yule mtoto kitandani, kiuno chake hakijui kama kina miguu, mimi sijakanyaga hata ngazi ya hospitali ile, naye muda wote huo anawaza namna ya kuniokoa.

Chifu alipoanza, ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu.

"Dada anasema alitoa kadi. Mdogo anasema aliichukua. Mma anasema alijua. Mdogo ameapa kwamba Mma hakujua." Akavaa miwani yake tena. "Mma Oarabile, nitakuuliza mara moja. Kuapa uongo ni kesi nyingine, na hiyo hainitazami mimi, inakwenda kwa hakimu. Nikiandika kwamba ulijua, nimeandika pia kwamba mtoto huyu ameapa uongo akiwa hospitali. Nikiandika kwamba hukujua, dada yake anaondoka hapa na kosa, au mdogo anaondoka na wizi. Sasa niambie. Niandike nini?"

Karani wake akainua kalamu.

Nilitafuta neno. Kila neno nililolishika lilikuwa na mtoto wa Gabaitse ndani yake. Huyu au yule. Nikigeuka huku namkanyaga mmoja, nikigeuka kule namkanyaga mwingine, na mimi mwenye kosa nimesimama katikati mzima, miguu yangu miwili chini yangu.

"Mma, tunangoja."

"Chifu," ikasema sauti nyuma yangu.

Gabaitse alikuwa amesimama. Shuka lilikuwa limemteleza begani na hakuliokota.

"Mama wa watoto," Chifu akasema. "Utapata nafasi yako. Kwanza huyu ajibu."

"Hana haja ya kujibu hilo. Na hiyo karatasi usimwandikie mwanangu." Hakupandisha sauti. "Mwanangu hakutaka kuapa. Alilia. Juzi nilitoka kwa Mama Thuso nimeshaelewa kwamba alijua; hayo ya kusema hakujua, nilimwambia mimi ayaseme."

Alisema na Chifu. Lakini macho yake yalikuwa kwangu.